Kontrola ya gemu kwenye kazi ya kuchuja picha: kisa kimoja, vitufe vitano

Kuna dada mmoja nafanya naye kazi, yeye ni mpiga picha wa matukio, na kila tukio likiisha anarudi na picha kama 2,500 hivi kwenye kadi, halafu ndo kazi yenyewe inaanza, kukaa mbele ya skrini kuzipitia moja moja, hii ibaki, hii itoke, hii mtu kafumba macho, hii imetikisika, hizi tatu zinafanana nichukue ipi. Siku moja akaniambia, "Kaka, nikifika picha ya mia saba hivi kifundo cha mkono wa kulia kinawaka moto, nasimama nanyoosha vidole, nikirudi ni yale yale." Nikamwambia kwanza aende kwa daktari, na nasema mapema kabisa kwamba humu hamna tiba yoyote, maumivu ya mkono ni ya kupeleka kwa mtu aliyeyasomea. Alienda, akaambiwa apunguze kuurudia mwendo ule ule kwa mkono ule ule. Sasa utapunguzaje wakati kazi yenyewe ndo kurudia? Hapo ndo mimi nikaingia, na wazo la kutumia kontrola ya gemu.

Nilichofanya kwanza nakipendekeza kwa yeyote anayetaka kujaribu jambo hili, nilikaa pembeni yake saa nzima na karatasi, sigusi kitu, kila anachofanya napiga mstari. Programu anayotumia ni Lightroom Classic kwenye Windows. Baada ya saa moja karatasi ilikuwa imejaa mistari kwenye sehemu tano tu: picha inayofuata, picha iliyopita, kuza, bakiza, kataa. Vingine vyote, nyota, rangi, kubadilisha muonekano, vilikuwa vistari vya hapa na pale. Na kitu kingine nilikiona, hayo matano yote alikuwa anayafanya kwa kipanya. Yaani kila picha anapeleka mshale kwenye kile kibendera kidogo chini ya picha, ndo alama ya kubakiza au kukataa, anabofya, anaupeleka tena kwenye picha nyingine, anabofya, na kibendera chenyewe ni kidogo sana, kwa hiyo kila safari mkono unakakamaa ili ulenge. Zidisha mara 2,500 uone.

Najua mtu atasema hapo dawa ni shotikati za kibodi basi, yaani herufi moja badala ya kubofya kwa kipanya, kontrola ya nini. Ni kweli, na ndo tulikoanzia, wiki nzima bila kontrola. Lightroom ina P ya kubakiza, X ya kukataa, U ya kuondoa bendera, Z ya kukuza na mishale ya kwenda mbele na nyuma. Kasi iliongezeka palepale. Lakini tazama hizo herufi zilivyokaa kwenye kibodi: P iko mwisho kabisa kulia juu, X na Z zipo chini kushoto, U katikati, mishale iko kona nyingine peke yake. Zimechaguliwa kwa sababu ya majina yake, hakuna aliyefikiria vidole. Kwa hiyo mikono ilikuwa inatangatanga, macho yanashuka kwenye kibodi yanapanda kwenye picha, na mgongo ukabaki vilevile umeinama mbele, mikono imening'inia juu ya meza. Maumivu yalipungua kidogo tu. Ila wiki ile haikupotea, kwa sababu kontrola haifanyi kitu zaidi ya kubonyeza shotikati kwa niaba yako, usipozijua huna cha kuipa.

Kontrola tuliyotumia ni ya kawaida kabisa, ile ya mikono miwili, ilikuwa imekaa kwenye droo kwa sababu kijiti chake cha kushoto kilishachoka na kwenye gemu mchezaji alikuwa anatembea mwenyewe. Ina A, B, X na Y upande wa kulia, mishale minne kushoto, vijiti viwili, LB na RB mabegani, LT na RT chini yake, na vile viwili vya katikati, Back na Start. Tuliichomeka kwa waya wa USB, hakuna betri ya kuisha katikati ya kazi wala kusubiri iamke ikizima yenyewe.

Windows yenyewe inaiona kontrola kama kifaa cha gemu, ukibonyeza A ndani ya Lightroom hakitokei kitu, kwa hiyo lazima iwepo programu katikati inayosoma kontrola na kutuma vitufe vya kibodi. Zipo kadhaa. JoyToKey ni ya siku nyingi kwenye Windows, Steam, ile programu ya kununulia na kuchezea gemu, nayo ina mpangilio wake wa kutumia kontrola nje ya gemu, na kuna AntiMicroX, ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, inafanya kazi Windows na Linux. Mimi nilichukua AntiMicroX. Ukiifungua inakuonyesha vitufe vyote vya kontrola yako, ukibonyeza kimoja mkononi na kwenye skrini kinawaka, ukikibofya inafunguka picha ya kibodi unachagua kitufe unachotaka, kwisha. Mpangilio unauhifadhi kama faili, unaweza kuuhamishia kwenye kompyuta nyingine.

Kuna jambo moja linawasumbua wengi. Windows hairuhusu programu ya kawaida kutuma vitufe kwenye programu iliyofunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi. Kwa hiyo ukiona kontrola inafanya kazi kwenye programu zote isipokuwa moja, angalia hiyo moja imefunguliwaje kabla hujaanza kuvunja mpangilio wako mzima. Jingine, kwenye njia ya zamani ya Windows ya kusoma kontrola, ile DirectInput, kontrola nyingi za mtindo wa Xbox zinasoma LT na RT kama mhimili mmoja, moja inavuta upande huu nyingine upande ule, ukizibana zote mbili zinafutana na programu inaona hujabonyeza kitu. AntiMicroX inapitia njia nyingine, inazisoma kila moja peke yake, na hiyo ndo sababu kubwa niliichagua.

Sasa mpangilio wa kwanza. Niliupanga mimi na ulikuwa mbaya, naueleza vizuri kwa sababu nadhani karibu kila mtu anaanza hivi. Niliona vitufe vyote vile nikaona vibaki tupu vya nini, nikavijaza vyote. Bakiza, kataa, kuza, nyota moja mpaka tano, rangi nne, kulinganisha picha mbili, kurudisha nyuma, kufungua sehemu ya kurekebisha, na hata kufuta zilizokataliwa nikaiweka kwenye Start. Ukishika LB vitufe vyote vinabadilika maana, ile AntiMicroX wanaita seti, zinaweza kufika 8. Nikachora na mchoro kwenye karatasi nikaubandika chini ya skrini.

Dakika kumi za kwanza dada wa watu alikuwa anaangalia karatasi kuliko picha. Lakini hilo lingeisha kwa mazoezi, kilichonifundisha zaidi ni kingine. Niliweka kubakiza kwenye A na kukataa kwenye B, kwa akili yangu ndiyo na hapana, vimekaa jirani. Yeye ameshawahi kucheza gemu, si sana, ila vya kutosha, na mtu aliyeshika kontrola ya aina hii hata miaka ya nyuma kidole gumba chake kinajua kwamba B ni kurudi nyuma. Kwa hiyo kila akitaka kuangalia tena picha iliyopita kidole kinaenda B chenyewe, na picha nzuri inakataliwa. Hakuona mara moja kwa sababu alama ya kukataliwa ni kijibendera kidogo pembeni. Aliona picha ya 300 na kitu, akaniita, "Kaka, hii picha mimi sijaikataa." Tukarudi nyuma tukakuta kumi na moja kama hiyo, na mojawapo ilikuwa ndo picha bora ya tukio zima, bibi mmoja anacheka huku ameshika mkono wa mjukuu, mwanga umeingia kutoka dirishani, picha ambayo ukiipoteza hairudiwi.

Pale ndo tuliposimamisha kazi tukaanza upya. Kumbukumbu ya vidole huwezi kuishinda kwa karatasi iliyobandikwa kwenye skrini. Kama B kidoleni ni kurudi, basi B iwe kurudi, ipe mshale wa kushoto. A ni kukubali, ipe P. Ukienda kinyume na kile mkono unachokijua tayari utakosea, na utakosea pale umechoka, saa ambayo huangalii tena.

Kosa la pili lilihusu kijiti cha kushoto. Nilikiweka kiwe mishale ya kibodi, kulia picha inayofuata, kushoto iliyopita, nikaona ni raha kusukuma kijiti tu. Asubuhi yake akafungua laptopu na picha zikaanza kukimbia zenyewe, moja baada ya nyingine, hakuna aliyegusa kitu. Kijiti kilichochoka hakirudi katikati kamili. Kontrola za mtindo huu zinasoma kijiti kwa namba, kuanzia -32,768 mpaka 32,767, na katikati ilitakiwa iwe sifuri. Kwa kuwa hakuna kijiti kinachokaa sifuri kamili, programu inaacha eneo fulani katikati ambalo mwendo wowote unapuuzwa, kwenye mipangilio linaitwa Dead Zone. Microsoft wenyewe kwa watengenezaji wa gemu wanapendekeza 7,849 kwa kijiti cha kushoto na 8,689 kwa cha kulia. Kijiti chetu kikiwa kimeachwa kilikuwa kinakaa kwenye 9,000 na kitu, ndo maana kompyuta ilikuwa inaamini mtu anasukuma. Nikapandisha mpaka 15,000, kikatulia. Lakini baadaye nikakitoa kazini kabisa, kwa sababu kijiti ni kifaa cha kusema kiasi, kidogo au sana, na picha inayofuata haina kiasi, ni ndiyo au hapana. Kazi ya ndiyo au hapana ni ya kitufe, kinachogonga ukakisikia.

Cha kulia tulikiacha kisogeze mshale wa kipanya polepole, na ukikibonyeza kinabofya. Hiyo ni kwa zile picha ambazo lazima uone jicho la mtu limelengwa sawasawa, unapeleka mshale juu ya jicho, unabofya, Lightroom inakuza pale pale.

Kukuza kwa kawaida ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye kisa hiki. Z kwenye Lightroom ni kama swichi ya taa, bonyeza inakuza, bonyeza tena inarudi. Kwenye kibodi ina maana kila ukikagua picha unabonyeza mara mbili na ukisahau ya pili unaendelea kuangalia picha zimekuzwa puani mwa watu. AntiMicroX kwenye sehemu ya Advanced inaruhusu kitufe kimoja kifanye jambo ukikibana na jambo jingine ukikiachia. Nikaweka kwenye RT: ukibana tuma Z, halafu alama ya Release, halafu Z tena. Matokeo yake unabana kwa kidole cha shahada, picha inakusogelea, unaangalia, unaachia, inarudi mbali. Ni kama kusogeza uso karibu na kitu na kurudi nyuma. Hakuna aliyemfundisha mara mbili, alibana mara moja akasema "aaah", basi. Kasoro yake ni kwamba ukiwa umebana halafu ukagusa picha kwa kipanya inageuka kinyume, ukiachia ndo inakuza, hapo unabonyeza Z mara moja kwenye kibodi inakaa sawa.

Kitu kingine kilichoondoa mzigo mkubwa hata hakiko kwenye kontrola. Lightroom kwenye menyu ya Photo ina Auto Advance, ukiiwasha kila ukiweka bendera inakusogeza picha inayofuata yenyewe. Yaani kubakiza na kuendelea inakuwa bonyezo moja badala ya mawili, kwenye picha 2,500 hiyo ni mibonyezo 2,000 na zaidi imekufa kwa kubofya mahali pamoja. Ila chunga, Caps Lock nayo inafanya kazi hiyo hiyo ya kusogeza. Kabla ya kuiwasha kwenye menyu, siku moja aliacha Caps Lock imewaka baada ya kuandika jina la faili kwa herufi kubwa, na wakati huo kila akibakiza anabonyeza tena kitufe cha kuendelea kama alivyozoea, kwa hiyo picha moja inarukwa kila mara. Alirudia karibu 400. Tangu siku hiyo tuliamua inakaa imewashwa siku zote na mkono uzoee hivyo.

Na ona Auto Advance ilivyorahisisha kurekebisha makosa. Umekosea? B, unarudi picha moja nyuma, unabonyeza uamuzi sahihi, unaandika juu ya ule wa kwanza na kuendelea. Huhitaji kufuta kilichofanyika wala kuondoa bendera, kwa hiyo U ikatoka kwenye kontrola. Isiyoamulika bado unairuka kwa Y, ambayo ni mshale wa kulia, inabaki haina bendera na utaikuta mwishoni.

Kukataa tukakuweka kwenye kitufe cha X, kwa sababu kinatuma herufi X, jina linalingana na kukumbuka ni rahisi. Tukafanya hivyo kwa matukio mawili. Kifundo cha mkono kikatulia kweli kweli, maana sasa anaegemea kiti, mikono imelala mapajani, viganja vinatazamana, hakuna kulenga vibendera. Lakini tukio la tatu akaja na habari nyingine: "Kifundo kizima, ila kidole gumba sasa."

Nilikaa na hilo jioni nzima. Nikachukua tena karatasi na kuhesabu, safari hii kwa kidole, si kwa kazi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na A, B, X na Y, yaani maamuzi yote, na gumba la kushoto limekaa bure, vidole vya shahada vimekaa bure isipokuwa kukuza. Tulikuwa tumeutoa mzigo kwenye kifundo tukaubebesha kidole kimoja. Na kuchuja picha ukweli wake ni kwamba nyingi zinatoka, kati ya picha kumi unabakiza mbili au tatu, kwa hiyo kitufe kinachofanya kazi kuliko vyote ni cha kukataa, na sisi tulikipa mahali pazuri kwa jina badala ya mahali pazuri kwa mkono. Kosa lile lile la P na X kwenye kibodi, nikalirudia mimi mwenyewe kwenye kontrola.

Kukataa tukakuhamishia LB, kidole cha shahada cha kushoto, ambacho kimelala pale juu muda wote. Kubakiza ikabaki A, gumba la kulia. Sasa mikono inagawana, kushoto anatoa, kulia anaweka, na kuna kitu kilitokea sikukitarajia, kasi ikapanda, kwa sababu uamuzi umekuwa na upande. Hapimi tena kitufe gani, mkono wa kushoto ni hapana na wa kulia ni ndiyo. Ukimwangalia akifanya kazi ni kama mtu anapepeta mchele, mikono inaenda, macho hayatoki kwenye picha hata mara moja.

Kwa hiyo mpangilio uliobaki ni huu: LB kataa, A bakiza, B rudi, Y ruka, RT bana ukaze macho. Vitano. Kwenye mzunguko wa pili, ule wa kupitia zilizobaki, mishale ya kushoto inaingia kazini, juu ni nyota 5, kulia ni rangi nyekundu ambayo kwake ina maana hii inahitaji kurekebishwa kwa mkono. Vitufe vingine vyote ni vitupu na hatujavisahau, ukigusa Start kwa bahati mbaya hakitokei kitu na ndivyo inavyotakiwa.

Kufuta zilizokataliwa kulitoka kwenye kontrola siku ile ile ya picha ya bibi. Kabla ya hapo alishaiweka kontrola mezani kifudifudi, Start ikabonyezwa na meza, na dirisha la kuuliza kama afute picha kwenye diski likatokea mbele yake hajui limetoka wapi. Halikufuta kitu, linauliza kwanza, lakini moyo ulimpasuka. Sasa kufuta ni Ctrl na Backspace kwenye kibodi, mikono yote miwili, baada ya kupitia zilizokataliwa mara moja ya mwisho zikiwa ndogondogo kwenye gridi. Kitu kisichorudi nyuma hakikai kwenye kifaa unachokishika huku umeegemea.

Na kuna hili la kubadilisha dirisha. Kontrola haijui uko wapi, inatuma P popote. Aliwahi kuinua kontrola huku ana ujumbe wa mteja uko wazi, ukaenda na "ppxp" mwishoni. AntiMicroX ina sehemu ya kubadilisha mpangilio yenyewe kulingana na programu iliyo mbele, nikaiambia Lightroom ikiwa mbele tumia mpangilio wa picha, ikiwa programu nyingine yoyote tumia mpangilio mtupu. Fanyeni hili siku ya kwanza, msisubiri mteja.

Alivyofurahi akataka kuendelea, jambo la kawaida, akaniuliza kama anaweza kuandika maelezo ya picha kwa kontrola, na kuvuta zile slaida za mwanga na rangi. Tulijaribu yote mawili. Slaida ni mateso, kitufe kinaenda hatua hatua na kijiti kinapitiliza, kipanya kinashinda bila ushindani. Kuandika ndo kabisa, kuchagua herufi moja moja kwenye kibodi ya skrini kwa kijiti ni kumwonea mtu. Siyo kwamba kuandika kwa vitufe vichache hakuwezekani, Douglas Engelbart pale San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, siku aliyoonyesha kipanya hadharani, mkono wa kulia alikuwa na kipanya na wa kushoto alikuwa na kifaa cha vitufe vitano tu, unabonyeza kadhaa kwa pamoja kama mtu anayepiga kinanda, na vitufe vitano vinakupa michanganyiko 31, inatosha alfabeti nzima. Lakini kipanya kilienea dunia nzima na kile cha vitufe vitano hakikuenea, kwa sababu michanganyiko lazima ujifunze yote kabla hujaandika hata sentensi moja. Kontrola ni hivyo hivyo. Inaweza kazi ya kuamua, ndiyo, hapana, rudi, nionyeshe karibu. Kazi ya kutunga inahitaji kibodi, na kazi ya kupima kidogo kidogo inahitaji kipanya au kalamu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kazi yake inafaa, simuulizi anatumia programu gani, namuuliza kwa saa moja anafanya mambo mangapi tofauti. Mimi mwenyewe nimeihamishia kwenye Anki, ile programu ya kadi za kukariri, kule kazi yote ni Space ya kufunua jibu na namba 1 mpaka 4 za kusema umekumbuka kiasi gani, imekaa kwenye kontrola kama iliumbwa kwa ajili yake, nasoma msamiati nimesimama dirishani. Mtu anayekagua manukuu ya video naye anaweza, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, Space ni kusimamisha, Shift na mshale wa kushoto inarudisha sekunde 3, vitufe viwili vinatosha kuanza. Ila anayeyaandika hayo manukuu, mikono yake miwili iko kwenye kibodi tayari, kontrola ataishika na nini? Huyo kinachomfaa ni pedali ya mguu.

Tukio la mwisho alilochuja lilikuwa na picha 2,610, zamani hiyo ni jioni moja na asubuhi ya kesho yake, safari hii alimaliza jioni ile ile na mapumziko mawili, na mapumziko nilimsisitizia, maana kontrola hata ikae vizuri vipi vidole ni vile vile. Gumba halijalalamika tena. Kilichobaki ni LB, imeanza kulegea kwa jinsi inavyofanya kazi, na juzi kaniuliza tukihamishia kukataa kwenye LT itakuwaje. LT ina mwendo mrefu kidogo kabla haijashika, inabidi kwanza nipunguze kiwango chake ishike mapema, nimemwambia anipe jioni moja na kontrola.